Kwa Nini Pombe Yako Yanuka? Tazama Joto la Mtungi

Umetoa mahindi na wimbi ghalani, umechanja kuni, umekaanga unga, umengoja siku tatu. Siku ya kuchuja busaa unafunua mtungi, na harufu inakurudisha nyuma. Wengine husema maji yalikuwa mabaya, au mtu mwenye jicho baya alipita jikoni. Mara nyingi kosa ni joto.

Yafaa kwanza ujue kazi ifanyikayo mtungini. Kimea cha wimbi hugeuza wanga wa unga kuwa sukari. Chachu, ambayo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, hula sukari hiyo na kutoa kileo na hewa ifanyayo povu. Kazi hiyo yenyewe huzaa joto. Kwa hiyo pombe iliyo katika chombo kikubwa huwa na joto kuliko chumba ilimowekwa. Hata katika usiku wa baridi wa Kinangop, mtungi uliowekwa kando ya meko waweza kupata joto kupita kiasi.

Chachu ni kama ng'ombe wa plau. Wakienda mwendo wao, mistari hunyooka. Wakikimbizwa, shamba huharibika. Joto la pombe likipita digrii 30 za Selsiasi, chachu hufanya haraka mno na kutoa vitu vikali pamoja na kileo.

Harufu yenyewe itakuonyesha kosa:

1. Ikinuka kama rangi mbichi ya mlango, yaelekea chachu ilipata joto jingi.

2. Ikinuka siki, vijidudu vya siki vimeingia. Hivi hupenda joto na hewa, na huletwa na nzi wadogo.

3. Ikinuka kama siagi iliyooza, vyombo vilikuwa vichafu, au mchanganyiko ulikaa vuguvugu muda mrefu kabla chachu haijaanza kazi.

Uchachu kidogo si kosa. Ndiyo ladha ya busaa.

Basi fanya hivi:

Osha vyombo kwa maji yanayochemka, uvianike juani. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kutiwa dawa ya mifugo au ya mimea.

Unga uliokaangwa na upoe kabisa kabla ya kutia kimea. Ukiwa moto sana, chachu itakufa.

Gawanya pombe katika mitungi midogo miwili badala ya pipa moja. Iweke kivulini, mbali na meko, juu ya sakafu ya udongo. Mchana wa joto, zungushia gunia lililoloweshwa maji mahali penye upepo. Maji yakikauka huondoka na joto.

Funika kwa kitambaa safi, nzi wasiingie lakini hewa itoke. Usifunge kabisa, wala usifunue kila saa.

Siku mbili za kwanza, gusa ubavu wa mtungi asubuhi na jioni. Ukihisi una joto kuliko mkono wako, upoze mara moja.

Pombe iliyokwisha kuharibika haina dawa. Kuongeza sukari hakuondoi harufu, na kuipika iwe chang'aa ni kuongeza hatari juu ya hasara. Imwage katika shimo la mbolea. Tena usipike pombe kwa mahindi yenye kuvu ukidhani kuchacha kutayasafisha. Sumu ya kuvu hubaki, katika pombe na katika machicha pia, kwa hiyo usiyape hata kuku.

Kumbuka pia kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010 yamtaka anayetengeneza pombe ya kuuza awe na leseni.

Mwisho, pima ghala kabla ya kupima mtungi. Chakula cha nyumba na karo ya watoto vitangulie. Debe la nafaka lililomwagwa shimoni halikumlisha mtu, wala halirudi tena hadi mavuno mengine.