Kibali cha Mama Lishe Kitaje Mahali na Saa

Jirani anayemlalamikia mama lishe wa Dar es Salaam hana ofisi ya kumjibu. Mwenyekiti wa mtaa anamwelekeza kata, kata inamwambia suala ni la jiji, na jiji likishachoshwa na malalamiko linatuma mgambo. Mgambo hawana kazi ya kusuluhisha. Wanabeba masufuria, wanapakia mabenchi kwenye gari, wanaondoka. Siku chache baadaye jiko limerudi palepale, moshi nao umerudi, na watu wawili wa mtaa mmoja hawasalimiani tena.

Ugomvi huu unajirudia kwa sababu inayoeleweka, tena inayorekebishika: vibali vyetu vinanyamazia jambo ambalo jirani analalamikia.

Kibali cha chakula cha barabarani kinapaswa kujibu maswali matatu. La kwanza: muuzaji ni nani? La pili: anapika nini, na kwa usafi gani? La tatu: anapikia wapi, na saa ngapi? Mawili ya mwanzo yana wenyewe. Kumtambua mfanyabiashara ni kazi ya halmashauri. Usafi wa chakula upo chini ya afisa afya na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na wapishi wanatakiwa kupimwa afya zao. Swali la tatu ni yatima, na malalamiko karibu yote yanaangukia hapo: moshi wa mkaa unaingia dirishani, maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa mferejini, benchi la wateja limeziba njia hadi mwanafunzi anashuka barabarani kupishana na bodaboda, muziki unaendelea saa tano usiku.

Tazama kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja kikitolewa kwa shilingi 20,000 kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kwa mama lishe ilikuwa ahueni kubwa. Hakusumbuliwa tena na ushuru wa kila siku, na aliweza kumwonyesha mgambo kadi badala ya kukimbia na sufuria la maharage. Lakini kadi ile haikutaja mahali. Iliposomwa kama ruhusa ya kuuza popote, meza zilisogea hadi milangoni mwa maduka, juu ya mifereji na ndani ya hifadhi ya barabara. Jirani aliyelalamika alijibiwa kwa kuonyeshwa kadi.

Oktoba 2021 kikaja kinyume chake: wauzaji waliondolewa Kariakoo na maeneo mengine ya jiji, wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Njia za waenda kwa miguu zilifunguka, na hilo lilikuwa jema kwa wengi. Ila chakula cha mchana hakihamishiki kama viatu. Anayekula wali kwa mama lishe ni kuli, fundi au karani mwenye muda mfupi na fedha kidogo; sufuria likipelekwa mbali na kazi yake, halifuati. Jengo la Machinga Complex pale Ilala, lililokamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF, lilikuwa limeshatufundisha hilo: vizimba vingi vilikaa vitupu miaka na miaka kwa kuwa mnunuzi hakupanda ghorofa kumfuata muuzaji.

Kwa hiyo tumejaribu ruhusa isiyo na mahali, kisha mahali pasipo na wateja. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, ambayo jimbo la California nchini Marekani liliiandika kuwa sheria. Sheria hiyo ya SB 946 ilitiwa saini mwaka 2018 na kuanza kutumika Januari 2019. Miji inaruhusiwa kumwekea muuzaji wa kando ya barabara masharti ya saa, ya nafasi na ya usafi, ilimradi kila sharti litokane na madhara halisi kwa afya, usalama au ustawi wa watu. Chuki ya wakazi na hofu ya ushindani wa biashara zimetajwa wazi kuwa hazihesabiki. Zaidi ya hapo, mji hauruhusiwi kumtaka muuzaji apate kwanza ridhaa ya mtu binafsi, awe jirani au mwenye duka.

Wapo watakaosema sheria hiyo inamnyima jirani sauti. Mimi naona inamwambia sauti yake itasikika wapi. Akisema moshi unaingia chumba cha mtoto, ametaja dhara ambalo afisa anaweza kuja kuliona, na jiko likasogezwa au likabadilishwa. Akisema mtaa wake si wa watu wa namna ile, hakuna sharti linaloweza kumridhisha. Anachotaka ni mtu aondoke. Mwenye mgahawa akisema anaibiwa wateja, hilo ni la soko. Malalamiko ya aina hizi tatu yakitupwa kapu moja, afisa hana namna ya kuyajibu isipokuwa kwa kufukuza au kunyamaza.

Sheria hiyo ya California iliwalinda wakazi nao. Mji unaweza kuzuia muuzaji kuweka kituo katika eneo lililotengwa kwa makazi pekee, ingawa hauwezi kumzuia anayepita akitembeza. Kwetu kanuni hiyo haitoshi, maana Manzese au Tandika nyumba moja ina duka mbele na familia nyuma. Hapa saa ndizo zitakazomlinda mkazi: supu na chapati asubuhi, wali mchana, na jiko lizimwe muda unaojulikana.

Kibali kikitaja mahali, ugomvi unapimika kwa futi. New York inataka mkokoteni wa chakula ukae angalau futi 20, yaani mita 6 hivi, kutoka mlango wa jengo, na futi 10 kutoka kivuko cha waenda kwa miguu. Mwenye duka na muuzaji wakibishana, utepe wa kupimia unaamua.

Lakini jiji hilohilo linatuonya juu ya kosa jingine. Mwaka 1983 liliweka kikomo cha vibali vya chakula cha barabarani, takriban 3,000 kwa jiji zima. Njaa haikuwekewa kikomo. Vibali vilivyotolewa na jiji kwa dola 200 vikawa vinakodishwa kwa siri kwa maelfu ya dola, faida ikaenda kwa wenye karatasi, na aliyesimama kwenye jiko akabaki mpangaji asiye na kinga. Ilibidi ipitishwe sheria mwaka 2021 ya kuongeza leseni 445 kila mwaka kwa miaka kumi. Idadi ya vibali ifuate nafasi iliyopimwa mtaani. Ikipangwa kwa kukisia ofisini, karatasi yenyewe inageuka bidhaa.

Madiwani wetu wanaweza kuyaweka haya ndani ya sheria ndogo. Kibali kitaje kituo chenye namba kilichochorwa chini kwa rangi, upana wa njia unaobaki wazi, saa za kuwasha na kuzima jiko, mahali pa kumwaga maji na mahali pa kutupa taka. Jina na namba ya simu ya afisa vibandikwe mezani. Malalamiko yaandikwe yakitaja dhara. Afisa afike, apime, ampe muuzaji siku za kurekebisha, na asiporekebisha atozwe faini. Kunyang'anya sufuria kusiwe hatua ya kwanza, kwa sababu ukimnyang'anya mpishi chombo chake umemnyima pia uwezo wa kulipa faini.

Wajibu uliobaki ni wa halmashauri. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilituonyesha kwamba hofu ya jirani kuhusu maji machafu ina msingi. Mama lishe anaweza kunawa mikono, kufunika chakula na kuchemsha maji; hawezi kujenga mfereji wala kuvuta bomba. Anapolipia kibali, sehemu ya fedha hiyo irudi kwenye kituo chake kwa umbo la bomba, shimo la maji machafu na pipa la taka. Halmashauri inayopokea ada bila kuleta maji imeuza ruhusa ya ugomvi, na jirani ana haki ya kuanzia hapo anapoandika malalamiko yake.