Santuri za taarabu: nakala si sahani

Wapenzi wa taarabu hapa Pwani wana ubishi usiokwisha: je, sauti ya santuri ni bora kuliko hii ya dijitali itokayo simuni? Mwenye sahani zake za Mzuri, zilizotolewa na duka la Assanand hapa Mombasa, huapa kuwa udi wa marehemu Zein l'Abdin husikika kana kwamba mwenyewe yuko barazani. Kijana hucheka. Yeye asikia mikwaruzo tu.

Kwa hakika dijitali yasingiziwa. Sahani za CD, zilizoingia madukani mwaka 1982, huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, na sikio la mwanadamu halina la kudai zaidi. Santuri ndiyo yenye ila: vumbi huingia mifuoni, na sindano ikikaribia katikati sauti huchujuka.

Basi raha ya mwenye santuri yatoka wapi? Yatoka katika kulinganisha sahani nzima na nakala mbovu. Nyimbo za kale tunazopelekeana simuni aghalabu zilitoka katika kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, kisha zikabanwa zisichukue nafasi. Hapo udi husikika kama umefunikwa blanketi, na lawama hutupiwa dijitali.

Hatari ni kubwa zaidi kwa sahani kongwe, kama zile alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928. Hizo si za plastiki. Ni za lakiri, itokanayo na wadudu wa India, iliyochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka yavunjika kama kigae. Huzunguka mara 78 hivi kwa dakika, na mfuo wake mpana wataka sindano yake. Fundi akitia sindano ya santuri za plastiki, hupata kelele. Akikosea mwendo, sauti hupanda au kushuka, na mwimbaji kijana ajifunzaye humo hujifunza sauti isiyokuwa ya Siti. Sahani ikishatupwa, atasahihishwa na nini?

Kwa hiyo mwenye sanduku la marehemu babu yake asiwe na haraka ya kuliuza. Sahani zisimamishwe wima, mbali na jua na unyevu uletao ukungu. Na akija mtu kutaka kuzinakili, aulizwe kwanza amekuja na sindano gani.