Kitabu cha Asiyeona Kinaanzia Mezani kwa Mhariri

Mwanafunzi asiyeona anasoma kitabu cha sayansi cha shule ya msingi kwenye kompyuta. Programu inayosoma skrini kwa sauti inamsomea aya mbili vizuri, kisha inatamka "picha" na kusonga mbele. Picha hiyo ni mchoro wa moyo, na zoezi linamtaka ataje sehemu A hadi D. Hawezi kujibu, ingawa somo amelielewa.

Kosa hilo lilitendeka kwa mchapishaji, mchoro ulipowekwa bila maelezo ya maneno. Na kuandika "mchoro wa moyo" hakutoshi. Maelezo yanayosaidia yanasema hivi: "Moyo umepasuliwa kuonyesha vyumba vinne. A ni chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mwilini. B kiko chini yake, na kati yavyo kuna vali." Mwanafunzi amepewa kile ambacho mwenzake anakiona, ila majina ya vyumba hajatajiwa, kwa sababu hayo ndiyo anayoulizwa. Kazi hii inamhitaji mtu anayelijua somo. Tusimwachie fundi wa kompyuta.

Mengine ni mepesi, na ndiyo maana inaniuma yanaporukwa. Kichwa cha sura kilichokolezwa wino tu, kwa programu ni sentensi kama nyingine. Kikiwekewa mtindo wa kichwa, msomaji anaruka moja kwa moja hadi sura ya tano. Faili la Kiswahili lililoandikishwa kuwa la Kiingereza huenda likasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, hata mzawa asiambulie kitu. Kurasa zilizoskaniwa bila kugeuzwa kuwa maandishi ni picha tupu.

Faili safi ndilo linalorahisisha pia nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Karatasi zake ni nene na alama zake huchukua nafasi kubwa, hivyo kitabu kimoja cha kawaida huweza kuwa juzuu kadhaa. Mtaalamu wa nukta nundu asipopewa faili, analazimika kukichapa kitabu kizima upya kabla hajafika kwenye majedwali na hesabu, ambako ujuzi wake unahitajika hasa.

Tusidhani kila mwenye shida ya kuona anasoma nukta nundu. Wanafunzi wengi wenye ualbino wana uoni hafifu; wao wanahitaji herufi kubwa, wino uliokolea, na maandishi yasiyopandishwa juu ya picha.

Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulishafungua njia. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Mkataba huo unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kumwomba mwenye haki kibali, na kuzivusha mipaka kwenda nchi nyingine mwanachama. Lakini mkataba hauandiki maelezo ya mchoro.

Vitabu vya shule vinapolipiwa kwa fedha za umma, anayelipa ana nguvu ya kuweka sharti: faili lenye vichwa na maelezo ya michoro likabidhiwe pamoja na nakala za karatasi, na msomaji asiyeona afanye zoezi la sura moja, mwanzo hadi mwisho, kabla malipo ya mwisho hayajatoka.