Chuma Hupinda, Kaboni Huficha

Tarehe 9 Aprili 2006, katika mbio za baiskeli za Paris–Roubaix zinazopita juu ya barabara za mawe kaskazini mwa Ufaransa, Mmarekani George Hincapie alijikuta ameshika usukani usioongoza chochote. Shingo ya foki, yaani lile bomba linalopanda kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye usukani, ilikuwa imekatika. Akaanguka, bega likaumia, na mbio zake zikaishia hapo. Kwa kuwa baiskeli yake ilikuwa ya kaboni, ni rahisi kudhani jibu liko wazi: ndiyo malipo ya kupanda plastiki. Lakini kilichokatika hakikuwa kaboni. Shingo ile ilikuwa ya alumini, na Hincapie alikuwa ameshaanguka nayo mara moja mapema siku hiyohiyo. Tangu zamani wapenda baiskeli hubishana ipi ngumu zaidi, kaboni au chuma, na ubishi huo hauishi kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Lenye jibu ni hili: kila moja huharibika kwa namna gani, na nani atauona uharibifu huo kabla haujamwangusha mtu?

Tuanze na uchovu, maana metali nazo huchoka. Kunja waya, ukunjue, ukunje tena. Mara ya kwanza haudhuriki, mara ya ishirini unakatika mkononi. Fremu ya baiskeli hukunjwa hivyo kila pedali inapokanyagwa, kwa kiasi ambacho jicho halioni, na safari ya saa moja ina maelfu ya mikunjo ya namna hiyo. Chuma kina bahati yake: mkazo ukibaki chini ya kiwango fulani, kinaweza kukunjwa mamilioni ya mara bila kupata ufa. Alumini haina kiwango hicho. Kila mkunjo unahesabiwa, uwe mdogo namna gani, na ndiyo maana fremu nyingi za alumini zina mabomba yenye tumbo kubwa yasiyonesa. Zikinesa kidogo, hesabu nayo huenda polepole. Kaboni iko mbali zaidi kwa upande huu. Nyuzi zake, ambazo ni nyembamba kuliko unywele kwa takriban mara kumi, zikipangwa vizuri na kushikwa na gundi ya epoksi, huvutwa na kuachiwa muda mrefu sana bila kudhoofika. Mwaka 1997 maabara ya Kijerumani ya EFBe ilizifunga fremu 12 za bei ya juu kwenye mashine inayokanyaga badala ya mtu. Tatu tu zilimaliza zikiwa nzima, mbili za alumini na moja ya kaboni. Za chuma na za titani zilipasuka.

Mpenzi wa chuma atasema, tena kwa haki, kwamba hizo zilikuwa fremu za mashindano, mabomba yake yamepunguzwa unene ili kuokoa gramu, wala si ile baiskeli nzito ya Black Mamba inayopandishwa mlima na magunia ya mkaa. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inamrudia, kwa sababu inaonyesha kwamba umri wa fremu huamuliwa na aliyeichora na aliyeitengeneza kabla ya kuamuliwa na malighafi. Alumini, ambayo kwenye vitabu ndiyo huchoka haraka, iliishinda titani kwa kuwa waliochora fremu zile mbili walijua udhaifu wake na kuuzibia njia. Kanuni za kimataifa za usalama wa baiskeli, zile za ISO 4210, zinafuata mantiki hiyohiyo: fremu ya chuma na ya kaboni zote hukanyagwa mara 100,000 kwenye mashine, na zote huangushiwa uzito wa kilo 22.5.

Hapo kwenye kuangushiwa uzito ndipo tabia zinapoachana. Chuma ni kilekile upande wowote utakaokigusa. Kaboni haiko hivyo; ina tabia ya mwanzi, ambao hubeba paa la nyumba ukisimama wima lakini hupasuka kwa panga dogo likiingia kwa urefu wake. Nguvu yote iko kwenye uelekeo wa nyuzi. Kwa hiyo mtengenezaji hulaza karatasi za nyuzi tabaka juu ya tabaka, hizi zikielekea huku na zile kule, kisha huzipika ndani ya kalibu mpaka zishikamane kama chapati iliyosukumwa vizuri. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa mikono, na mkunjo mmoja wa karatasi au kiputo cha hewa kilichobaki ndani hakionekani tena rangi ikishapakwa. Fremu ya namna hii itavumilia mashimo ya barabarani miaka na miaka, kwa sababu mkazo wa mashimo hupita njia iliyotarajiwa. Jiwe linaloruka na kulipiga bomba ubavuni ni habari nyingine. Kadhalika nati inayokazwa kwa nguvu za fundi aliyezoea chuma, au baiskeli iliyoanguka ikagonga ncha ya ukuta. Matabaka huachana kwa ndani huku juu pakibaki mkwaruzo mdogo tu. Bomba la chuma lililopata kipigo hichohicho lingebonyea, na mtoto mdogo angekuonyesha kwa kidole mahali lilipobonyea.

Wenye hofu na kaboni wana mfano mzito zaidi wa kutoa. Mwezi Juni 2023 nyambizi ya Titan, iliyokuwa na kiwiliwili cha nyuzi za kaboni, ilibomoka ikishuka kwenye mabaki ya meli ya Titanic, na watu wote watano waliokuwemo wakafa. Mfano huo hauwezi kupuuzwa, ila usomwe vizuri. Bahari kwenye kina kile hugandamiza kutoka pande zote, na kaboni husifika kwa kuvutwa zaidi kuliko kugandamizwa. Ilipewa kazi isiyo yake. Kwa upande wa pili, ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways inaitumia tangu 2014 na Air Tanzania tangu 2018, ina takriban nusu ya uzito wake kutokana na malighafi za jamii hiyo, na hupaa na kutua kila siku. Mwaka 1981 John Watson aliligonga gari lake la Formula One, McLaren ya kwanza yenye kiwiliwili cha kaboni, kule Monza. Gari likagawanyika, naye akatoka akitembea. Lakini ndege hukaguliwa kwa ratiba, na gari la mashindano likigongwa hupelekwa karakana siku hiyohiyo. Baiskeli ikianguka, mwenyewe huinyoosha usukani, hujifuta vumbi na kuendelea na safari.

Kwa hiyo lawama kwamba kaboni hukatika bila taarifa ina ukweli, ila si ukweli mzima. Mara nyingi taarifa ipo, kwa lugha tusiyoifahamu: sauti ya kukwaruza ambayo haikuwepo jana, rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, sehemu inayobonyea chini ya dole gumba. Ukiligonga bomba kwa sarafu, palipo pazima hulia kwa ukali na palipoachana hutoa mlio uliofifia. Ukaguzi huo wa sarafu ni wa kuanzia tu, na mwenye mashaka baada yake anahitaji mtaalamu mwenye kipimo cha mawimbi ya sauti. Kaboni iliyovunjika hutengenezeka pia, kwa kusuguliwa na kuvikwa matabaka mapya, lakini fundi wa kazi hiyo hapatikani kila mji. Fremu ya chuma iliyopasuka njiani huchomelewa na fundi wa mageti wa kituo kinachofuata, na mwendeshaji akafika nyumbani. (Alumini nayo, tusidanganyane, ikichomelewa ovyo hupoteza ugumu ilioupata kiwandani.)

Urahisi huo wa chuma kuchomelewa njiani ndiyo sababu inayonifanya niamini kwamba baiskeli ya mizigo itabaki ya chuma, na bei peke yake haitoshi kuieleza. Baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa kwa barabara za vijijini Afrika, ina fremu ya chuma na keria ya kubeba kilo 100. Keria ya namna hiyo ikibanwa kwenye mabomba ya kaboni yenye kuta nyembamba ingeweza kuyaponda hata kabla ya safari. Kule Kigali, kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, kaboni ilikuwa mahali pake: vilima virefu, sheria ya uzito usiopungua kilo 6.8, na gari la mafundi likifuata nyuma. Mkazi wa Mombasa au Unguja ana sababu yake pia ya kuipenda, kwa kuwa chumvi haiiozeshi. Ila aangalie vipande vya alumini vinavyogusana nayo moja kwa moja, kwani hivyo huliwa upesi zaidi penye chumvi.

Hatari kubwa kwa msomaji wa kawaida haimo kwenye fremu mpya ya kampuni inayojulikana. Imo kwenye ile ya mtumba isiyo na historia, na ile yenye jina kubwa kwa bei ya chini ajabu. Ukienda kuinunua, chukua sarafu na tochi, chomoa bomba la siti, bandua kila stika iliyokaa mahali pasipo na sababu, kisha itoe foki uikague shingo yake. Muuzaji akikataa usiifungue, mwachie baiskeli yake.