Breki ya injini katika gari la mseto

Breki ya injini katika gari la mseto ni njia ya kupunguza mwendo wa gari linalotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, bila kutegemea breki za kawaida peke yake. Dereva huchagua hali maalumu kwa mkono wa gia, na gari huanza kujizuia anapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Katika magari mengi ya mseto ya Toyota hali hiyo huonyeshwa kwa herufi B, pamoja na P, R, N na D. Hutumika hasa kwenye miteremko mirefu, ambako breki za kawaida zinaweza kupata joto kupita kiasi na kushindwa kushika.

Asili

Kwenye gari la gia za mkono, dereva anayeshuka mlima hurudi gia ya chini, kwa mfano ya pili. Magurudumu huizungusha injini, na injini isiyopata mafuta huyazuia. Magari mengi ya otomatiki yalikuwa na nafasi za 2 na L kwa kazi hiyohiyo.

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997, nalo likawa gari la kwanza la mseto kutengenezwa kwa wingi. Giaboksi yake haina gia za kupanda na kushuka hatua kwa hatua. Injini na mota mbili za umeme zimeunganishwa kwa gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati ndani ya duara lenye meno. Kwa kuwa hakuna gia ya chini ya kurudi, iliwekwa nafasi ya B.

Jinsi inavyofanya kazi

Gari la aina hii lina njia tatu za kupunguza mwendo:

- Mota ya umeme: magurudumu huizungusha mota, nayo hufanya kazi kama jenereta. Umeme unaopatikana huhifadhiwa kwenye betri na hutumika baadaye.
- Injini: huzungushwa bila kuchoma mafuta. Pistoni huvuta na kusukuma hewa tu, na nishati ya gari hupotea kama joto.
- Breki za msuguano: padi hubana diski za magurudumu, na nishati hupotea kama joto.

Katika hali ya D, dereva akiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, mota huzuia gari kidogo. Akikanyaga breki taratibu, kompyuta huongeza kwanza nguvu ya mota, kisha breki za msuguano pale nguvu hiyo isipotosha. Gari likikaribia kusimama, breki za msuguano huchukua kazi yote.

Katika hali ya B, gari huzuiwa kwa nguvu zaidi mara mguu unapoondolewa kwenye pedali ya mafuta. Mota moja huzalisha umeme, na nyingine inaweza kuutumia umeme huo kuizungusha injini. Ndiyo maana injini husikika ikinguruma kwenye mteremko ingawa haichomi mafuta. Ngurumo hiyo si dalili ya ubovu.

Umuhimu kwenye miteremko mirefu

Betri ya gari la mseto lisilochajiwa kwa waya ni ndogo. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 500 za kimo hutoa nishati ya megajuli 7.35 hivi, sawa na takriban kilowati-saa 2. Betri ya Prius iliyoanza kuuzwa mwaka 2009 ina uwezo wa kilowati-saa 1.3 hivi, na kompyuta haiiachi ijae wala kuisha kabisa, ili idumu. Hata tukiondoa nishati inayopotea kwa upepo na matairi, betri inaweza kufikia kikomo chake kabla mteremko haujaisha.

Ikifika hapo, mota haina mahali pa kupeleka umeme wote. Bila msaada wa injini, mzigo huangukia breki za msuguano. Zikitumika mfululizo, padi hupoteza uwezo wa kushika, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama bila gari kusimama.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lina maana kwenye barabara kama ile ya mlima Kitonga mkoani Iringa, Tanzania, na ile inayoshuka kwenda Mai Mahiu nchini Kenya. Magari mengi ya mseto huko huagizwa yakiwa yametumika Japani, na mengi huja na kitabu cha maelekezo cha Kijapani.

Makosa ya kawaida

- Kuendesha kwa B muda wote ili kuchaji betri. Kwa kuwa B huweza kupoteza nishati kupitia injini, D pamoja na kukanyaga breki taratibu mapema huokoa mafuta zaidi katika safari za kawaida.
- Kushuka kwa N, yaani nyutro. Mota na injini haziwezi kuzuia gari, na betri haichajiwi.
- Kusahau magari ya nyuma. Kwa kawaida taa za breki haziwaki gari linapopunguza mwendo kwa B bila pedali kukanyagwa.
- Kudhani B inatosha kusimamisha gari. Pedali ya breki bado inahitajika.

Aina nyingine

Herufi B haina maana moja kwa watengenezaji wote. Mitsubishi Outlander PHEV, ambalo huchajiwa kwa waya, lina viwango kutoka B0 hadi B5 vinavyochaguliwa kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani. Hapo dereva hubadilisha nguvu ya mota katika kuzalisha umeme: B0 huliacha gari litiririke, na B5 hulizuia zaidi.