Kelele za Upepo wa Jua Zimetoka Wapi?

Jua halituletei mwanga na joto pekee. Usiku na mchana hutoka humo pia upepo wa chembe zenye umeme, uendao kwa kasi ya takriban kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Mwanga hutufikia kwa dakika nane. Upepo huo huchukua siku mbili hadi sita. Mwanafizikia wa Marekani, Eugene Parker, aliubashiri mwaka 1958, na wenzake wengi wakampinga. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kiliuthibitisha.

Upepo huo huburura usumaku wa Jua, nao usumaku huo hautulii. Mitikisiko yake ndiyo wanasayansi waiitayo kelele, ijapokuwa hakuna sikio liwezalo kuisikia. Mwaka 1986, William Matthaeus na Melvyn Goldstein walionesha kwamba katika mitikisiko ya polepole, ile ya saa kadhaa hadi siku kadhaa, kila kasi ya mtikisiko inapopungua nusu, nguvu yake huongezeka maradufu. Hivyo hakuna kipimo cha muda kinachotawala: mchoro wa saa chache hufanana na mchoro wa siku nzima, na asiyeoneshwa tarehe hawezi kuitofautisha. Mpangilio wa namna hiyo ulikwisha kuonekana katika vifaa vya umeme tangu mwaka 1925, na hata katika mapigo ya moyo wa mwanadamu.

Chimbuko lake ni nini? Kauli ya kwanza yasema kelele hizi huzaliwa Juani kwenyewe, ambako nyuzi za usumaku, ndogo kwa kubwa, hukatika na kuungana upya. Kauli ya pili yasema huundwa njiani, pale mawimbi yatokayo Juani yanapokutana na yale yaliyoakisiwa kurudi nyuma. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa kauli ya kwanza, kelele hizi ni barua itokayo Juani. Kwa ya pili, barua hiyo imeandikwa upya safarini.

Chombo cha Parker Solar Probe, kilichorushwa Agosti 2018, kiliingia katika anga la Jua mwaka 2021. Vipimo vyake, vilivyochapishwa mwaka 2023, vilionesha kwamba karibu na Jua mpangilio huo mara nyingine haujakamilika, bali hukomaa kadiri upepo unavyosafiri. Hiyo ni nguvu kwa kauli ya pili. Hata hivyo, mpangilio huohuo umewahi kupimwa katika korona ya Jua, na mjadala unaendelea.

Nasi yatuhusu. Machi 1989, dhoruba iliyotoka Juani ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, na mamilioni ya watu wakakaa gizani kwa saa nyingi. Atakaye kutabiri upepo huo hana budi kujua lipi ndani yake limetoka Juani na lipi limezuka njiani.

Basi mtoto akituuliza kuna nini kati yetu na Jua, tusimjibu kwamba ni patupu.