Pwani ya Nam Lolwe Ndio Hii, Wasee

Kila Disemba mbogi yetu ikianza kuchanga ganji ya kutoka Nai, jina huwa ni moja: Mombasa. Disemba iliyopita nilikataa. Nikawaambia kuna pwani ingine, ya Nam Lolwe, yaani Lake Victoria, maji yake haina chumvi, na story zake nimelishwa na shosh tangu nikiwa mtoi. Wasee watatu wakaingia boksi, hata mmoja aliyekuwa bado anataka Mombasa. Tukadandia mat ya usiku, asubuhi tukalandi Migori.

Thimlich Ohinga iko kama kilomita 46 kutoka mjini, upande wa Macalder. Mwisho wa safari ni nduthi, na vumbi huko inaingia mpaka kwa meno. Lakini maze, ukifika unanyamaza. Kuta za mawe, zingine zinapita mita nne, na hakuna saruji hata kijiko. Hata udongo wa kushikanisha hakuna. Inasemekana zilijengwa kuanzia karne ya 16. Buda aliyetutembeza akatuonyesha kazi ya mafundi: ukuta wa nje na wa ndani zinapanda pamoja, katikati zinashindiliwa mawe ndogo ndogo, zote zinabanana. Milango ni fupi makusudi. Adui lazima ainame ndio apite, na akiinama kichwa ndio inatangulia.

Ndani kulikuwa na keja na maboma za ng'ombe. Kuna mwamba wamechimba mashimo za ajua, ile bao ya Wajaluo, na hapo ndipo nilikaa muda mrefu zaidi. Msee wa kitambo alikuwa na ukuta wa kumlinda, na bado akatafuta wakati wa kucheza. Jina lenyewe ni Kijaluo, thim lich, msitu wa kuogofya. UNESCO iliweka hii base kwa Urithi wa Dunia 2018. Mimi nilimaliza form foo bila odijo hata mmoja kuitaja, na hiyo kitu inaniuma mpaka leo.

Kesho yake tukavuka Homa Bay, tukaishia Ruma, kwa bonde la Lambwe. Mbuga ni kilomita mraba 120 za nyasi ndefu. Kenya nzima, korongo wa porini, yule swara mkubwa wazungu huita roan, amebaki hapa tu. Na unajua nani alimwokoa? Mbung'o. Hao nzi walileta malale, watu na mifugo wakahepa bonde, wanyama wakabakiwa na nafasi. Korongo wenyewe hatukuwaona, wamebaki wachache sana. Twiga tuliwacheki mpaka jua ikazama.

Baadaye tukapitia Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ziwa ndogo kwa shimo ya volkeno. Shosh alikuwa anasema kulikuwa na kijiji hapo, watu wakinywa pombe usiku wa mvua, mama mzee akabisha na wakamfukuza. Kijiji kikazama na watu wake. Nilisimama ukingoni kukiwa na flamingo mbele yangu, na bado niliogopa kuongea kwa sauti.

Kisiwa cha Rusinga siku hizi unavuka na daraja kutoka Mbita. Ilichukua nafasi ya tuta ya zamani, iliyokuwa imeziba maji. Tulienda straight Kasawanga, kwa kaburi ya waziri Tom Mboya, jengo lenye umbo la risasi. Alipigwa risasi Nai tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38 tu. Ile sanamu yake ya Moi Avenue tunaipitanga kila siku tukikimbilia mat, na hakuna siku nimesimama. Hapo Rusinga tulisimama sisi wote, hata yule msee wetu wa kelele.

Jioni, ufukweni, mathe mmoja akatukaangia samaki ya ngege, kuon (ugali) moto na mboga ya osuga kando, akatuita watoto wake. Tulimlipa kesh mkononi, vile tulimlipa buda wa Thimlich. Mbogi ikija huku, tafadhali, msibargain na watu kama hao. Hizo doo zinabaki kijijini.

Yule msee aliyekuwa anataka Mombasa alikuwa anaangalia boti zikienda kisiwa cha Mfangano. Alikuwa ameskia kuna michoro za kale kwa mwamba huko, Kwitone. Akauliza mathe boti ya asubuhi inatoka saa ngapi.